Tiki mbili za shangazi: Prosody na slixmpp baada ya mwaka mmoja na nusu

Nianze na hasara, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye Prosody na slixmpp, zana mbili za kutumiana ujumbe ninazozichambua hapa. Changu, tasi na pono wa Sh 380,000 waliharibika Kigombe asubuhi moja ya Jumamosi kwa sababu programu niliyoiandika kwa mikono yangu ilionyesha neno "imetumwa" huku ujumbe haujatoka hata mlangoni. Barafu iliyoagizwa haikupakiwa. Kirikuu kilikaa ghalani mpaka saa nne, dereva anakunywa chai na vitumbua, hana habari. Samaki walikuwa wa shangazi yangu, kwa hiyo Jumapili yangu ilivyokuwa mnaweza kukisia wenyewe.

Nina steshenari Ngamiani, Tanga mjini. Mchana ni fotokopi, picha za pasipoti, barua za maombi ya kazi, na wanafunzi wanaotaka kuprintiwa kurasa mbili kwa bei ya moja. Usiku ndio naandika programu. Sikuisomea chuoni, nimejifunza kwa kuvunja na kuunga. Shangazi ananunua samaki Kigombe na Moa, ana kijana mmoja kila upande, na barafu inatoka kwenye ghala lake huku mjini. Alfajiri boti zikishaingia, kijana anaagiza: mabonge mangapi ya barafu, samaki gani, kilo ngapi. Mtu wa ghala anapakia, halafu anaandika daftarini. Au anasahau kuandika.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, walikuwa na kundi la WhatsApp. Lilianza na watu watano likafika kumi na tisa, kwa kuwa shangazi hajui kumkatalia ndugu. Oda ya barafu unaikuta imebanwa katikati ya dua ya Ijumaa, video ya harusi ya Pongwe na ubishi wa Coastal na African Sports. Akaniita. "Mwanangu, nataka kijana akiandika kule, huku iingie yenyewe kitabuni. Na nijue imefika." Nusu ya kwanza niliielewa siku hiyohiyo. Hiyo "nijue imefika" ilinichukua miezi minne na samaki wale.

Kosa la kwanza lilikuwa kiburi. Nikajiambia, ujumbe mfupi namna hii unataka itifaki, yaani kanuni rasmi za mawasiliano, ya nini? Nikafungua soketi ya TCP, njia ya kawaida ya kupitisha data mtandaoni, kwa Python na kubuni mtindo wangu: neno, mstari wa kusimama, bidhaa, mstari, idadi. `ODA|barafu|40`. Mezani kwangu, laptopu kwa laptopu, ikapita kama maji ya mfereji. Ilipofika Kigombe, kwenye laptopu kuukuu yenye modemu, ikaanza vituko. Mara inakuja `OD` peke yake, kisha kivyake `A|barafu|40`. Mara oda mbili zimegandana, `ODA|barafu|40ODA|kibua|25`, na programu inanisomea idadi ya barafu kuwa "40ODA". TCP haijui ujumbe ni kitu gani. Inajua baiti zinazofuatana tu, kama bomba lisivyojua ndoo ya nani imejaa. Pa kuanzia na pa kuishia ujumbe ni juu yako wewe unayeandika programu. IRC, itifaki ya zamani ya gumzo ambayo Jarkko Oikarinen aliianzisha Oulu, Finland, mwaka 1988, ilishalimaliza hilo kwa kanuni nyepesi kabisa: kila ujumbe unafungwa kwa CR na LF, na wote kwa jumla usizidi baiti 512. Mimi nilikuwa nalivumbua upya, miaka zaidi ya thelathini baadaye, kwa gharama ya samaki wa watu.

Nikaongeza alama ya mwisho wa mstari, nikatulia. Wiki tatu hivi. Kumbe kuna hitilafu nyingine imejibanza, na iliyokuwa ikiificha ni lugha yetu yenyewe: Kiswahili hakina herufi zenye vikofia wala vinukta juu, kila herufi ni baiti moja, hivyo ukikata mkondo popote pale huvunji herufi. Siku kijana wa Moa alipoweka kikatuni cha samaki mwishoni mwa oda, ambacho kwa UTF-8, mtindo wa kugeuza herufi kuwa baiti, ni baiti nne, mkato ukaangukia katikati yake na programu ikafa palepale. Nilikuwa nageuza baiti kuwa maandishi kabla mstari haujakamilika. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na sikuwa na wa kunicheka ila mimi mwenyewe.

Hayo yote hayakuua samaki. Kilichoua samaki ni neno "imetumwa".

Ukiita `send` ikarudi bila kulalamika, maana yake ni moja tu: kernel, yaani kiini cha mfumo wa mashine yako, imepokea baiti zako kwenye bufa yake, sehemu ya kumbukumbu zinakongojea kutoka. Haijakuambia zimefika mnarani, sembuse Tanga mjini. Jumamosi ile mtandao wa Kigombe ulikuwa umekatika dakika chache kabla, na laptopu haikujua. Linux kwa mpangilio wake wa kawaida hujaribu kutuma upya mara 15, kila jaribio likingoja zaidi ya lililotangulia, kwa hiyo hupita dakika kama kumi na tano ndipo ikubali kwamba muunganisho umekufa. Na ile keepalive ya TCP, kubisha hodi kuona kama mwenzako bado yupo, wanayopeana watu kama dawa, kwanza lazima uiwashe mwenyewe, na ukiiwasha bila kuigusa zaidi inangoja saa mbili nzima kabla ya kubisha hodi mara ya kwanza. Kijana aliona "imetumwa", akafunga laptopu kulinda betri, bufa ikafa nayo. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo. Oda yangu haikuja wala haikuondoka.

Ndipo nikaweka kiburi chini na kutafuta itifaki ya watu waliokwisha kuumia. Nikakuta XMPP, itifaki ya wazi ya kutumiana ujumbe, na huu sasa ndio uchambuzi wenyewe. Ninachokipima ni vitu viwili ninavyovitumia kila siku: Prosody, ambayo ni seva, na slixmpp, ambayo ni maktaba ya Python ya kuandikia programu za upande wa mtumiaji. Kidogo nitaigusa Conversations, programu ya XMPP iliyomo kwenye simu ya shangazi.

Kwa asiyeijua: XMPP ndiyo ile iliyozaliwa kwa jina la Jabber, Jeremie Miller alipoitangaza Januari 1999, ikawekewa viwango rasmi mwaka 2004 na kuandikwa upya kama RFC 6120 mwaka 2011. Google Talk ilipoanza mwaka 2005 ilikuwa XMPP. WhatsApp nayo ilianzia kwenye ejabberd, seva ya XMPP, kisha ikaibadilisha kwa mahitaji yake. Mtu wa rika langu aliyekesha kwenye intaneti kafe na Yahoo Messenger, halafu akahamia Nimbuzz kwenye Nokia, anajua nyumba hizi hufungwa mwenye nyumba akitaka. Yahoo Messenger ilizimwa tarehe 17 Julai 2018 na mazungumzo yetu yakaenda nayo. XMPP haina mwenye nyumba mmoja. Kwa biashara ya barafu hilo si siasa, ni kwamba sitaki kuamka siku moja niambiwe masharti yamebadilika.

Prosody kwanza, maana ndiyo iliyonisumbua kidogo zaidi. Imeandikwa kwa Lua, Matthew Wild aliianza mwaka 2008, na mpangilio wake wote umo kwenye faili moja ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulisoma akaelewa. Nimeiweka kwenye seva ya kukodi yenye gigabaiti moja ya RAM, dola tano kwa mwezi, na kila ninapochungulia naikuta inakula megabaiti thelathini na kitu. Fotokopi yangu ina tamaa kuliko hiyo. Kufungua akaunti ni amri moja, `prosodyctl adduser`, na kujiandikisha ovyo kwa wapita njia kumefungwa tangu mwanzo, jambo la busara. Kwa kuwa sina haja ya kuzungumza na seva za nje, nilizima `s2s`, nikaacha mlango mmoja tu, 5222.

Nakisifu zaidi kitu kimoja: `prosodyctl check`. Unaiita, inakagua faili la mpangilio, DNS na vyeti, kisha inakuambia kwa sentensi kamili ulipokosea. Iliniambia rekodi yangu ya SRV, ile ya DNS inayosema seva iko wapi, imeelekezwa kwenye jina lisilokuwepo. Ningekaa usiku mzima nikiulaumu mtandao.

Kero yake ni vyeti vya TLS, vile vya kufunga mawasiliano yasisomwe njiani. Prosody haiendeshwi kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, sawa, lakini kwa hiyo haiwezi kusoma vyeti vya bure vya Let's Encrypt pale vinapokaa. Lazima uviingize kwa `prosodyctl --root cert import`, na uhakikishe inafanyika kila vinapohuishwa. Vyeti vile vina uhai wa siku 90. Mimi nilivihuisha, nikasahau kuviingiza, na siku ya 91 Moa na Kigombe wote wakagoma kuunganishwa kwa pamoja. Maelekezo yamo kwenye kurasa zao, sikuyasoma mpaka mwisho. Mnaoanza, fanyeni hilo siku ya kwanza.

Sasa slixmpp. Ni tawi lililochipuka kwenye SleekXMPP ya zamani, likaachana na nyuzi (threads) na kukaa juu ya asyncio, njia ya Python ya kushughulikia kazi nyingi kwa zamu. Ukishazoea `async` na `await`, kuandika programu yenye dirisha moja na vitufe vinne (Barafu, Samaki, Tuma, Futa) ni kazi ya siku mbili tatu. Mikato niliyopigana nayo inakwisha yenyewe: XMPP ni mkondo wa XML, maandishi yaliyofungwa ndani ya tagi, ujumbe unaisha tagi yake inapofungwa, na maktaba inakukabidhi ukiwa mzima. Kijana wa Kigombe ana tabia ya kuandika "bei <3000". Kwenye XML alama hiyo ni sumu, ila slixmpp inaigeuza kabla ya kutuma na kuirudisha ikifika. Sijawahi kuigusa hiyo sehemu.

Ninachokipenda ni kwamba kila kinachopita naweza kukisoma kwa macho. Huu hapa ujumbe wa kweli, nimebadili anwani tu:

`<message to='ghala@duka.lan' id='k17' type='chat'><body>Barafu 40 Kigombe</body><request xmlns='urn:xmpp:receipts'/></message>`

Herufi za maana humo ni 17. Zilizobaki, 109, ni kanzu, koti na kilemba. Wanaosema XMPP ni nzito hawajasema uongo. Lakini oda zangu ni chache kwa siku, na bando linalokwisha Kigombe haliliwi na XML, linaliwa na kijana kutazama mpira. Kwangu kanzu hiyo ni bei halali ya kuweza kukaa saa saba usiku nikaona kwa macho yangu ni tagi gani iliyokosekana.

Tuje kwenye tiki, ambako pesa ya shangazi ilizama.

XMPP ina risiti za aina mbili, na zinajibu maswali mawili tofauti. Ya kwanza ni XEP-0198 (XEP ni nyongeza ya XMPP, kila moja na namba yake), uangalizi wa mkondo. Hiyo ni kati yako na seva yako tu: wewe unauliza kwa `<r/>`, seva inajibu kwa `<a h='5'/>`, maana yake "nimeshapokea vipande vitano". Muunganisho ukikatika kisha ukarudi, mnaanzia pale mlipoishia, na vile ambavyo havikukiriwa vinatumwa tena. Prosody inakushikia kikao chako kwa dakika kumi ikikungoja urudi. Zamani moduli yake, `mod_smacks`, ilikuwa pembeni kwenye moduli za jamii. Tangu toleo la 0.12, mwaka 2022, imo ndani ya Prosody yenyewe. Ya pili ni XEP-0184, risiti ya kufika: anayekiri hapa si seva, ni programu ya yule uliyemtumia.

Wengi hawawashi hata moja, wanaona ujumbe unapita mezani wanasema kazi imekwisha. Mimi niliwasha zote mbili, nikajiona fundi, nikang'atwa tena. Mara mbili.

Mara ya kwanza: tiki ya seva haikutokea Kigombe. Kijana anatuma, kialama cha saa kinabaki vilevile mpaka kesho yake. Nikafungua msimbo wa slixmpp wenyewe, maana maelezo ya plagini hayakuwa na jibu, nikakuta `xep_0198` ina dirisha la tano: huomba kukiriwa baada ya kutuma vipande vitano. Kwa programu yenye gumzo la mfululizo, tano ni kupepesa jicho. Kwa kijana anayetuma oda mbili asubuhi na kunyamaza, tano ni kesho. Sasa kila baada ya oda naita `request_ack()` mwenyewe. Mstari mmoja.

Mara ya pili ni mbaya zaidi, na hili ningependa mwandishi yeyote wa programu za namna hii alisome polepole. Plagini ya `xep_0184` ina kitu kinaitwa `auto_ack`, nacho kimewashwa tangu mwanzo. Ujumbe ukiingia tu kwenye programu ya ghala, risiti inarudi yenyewe. Inapendeza. Ila programu ya ghala ilikuwa haijaandika chochote kitabuni. Kitabu ni SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, na siku hiyo diski ya laptopu ya ghala ilikuwa imejaa hadi pomoni kwa picha za harusi. Ujumbe ulifika, risiti ikarudi, kijana akaona tiki mbili, kuandika kukashindikana. Kwa bahati mtu wa ghala aliiona oda kwenye kioo akapakia barafu, la sivyo ningekuwa nawasimulia hasara ya pili.

Tiba: `auto_ack` nimeizima. Programu ya ghala inapokea oda, inaandika kwenye SQLite, inathibitisha imeandikwa, ndipo inaita `self['xep_0184'].ack(msg)`. Kwa mpangilio huo alama zetu zina maana ambayo kila mtu kwenye biashara ile anaijua. Kisaa: oda imo kwenye laptopu ya kijijini. Tiki moja: seva inayo. Tiki mbili: imeandikwa kitabuni. Shangazi aliyashika kuliko nilivyotegemea. Juzi nimemsikia kwenye simu na kijana wa Moa, "We, yako ina tiki moja. Usinihesabie barafu ambayo haina tiki mbili."

Kuna kijimkia cha hadithi hii. Ukitaka oda isipotee, lazima ukubali kuituma tena pale usipopata jibu, na ukiituma tena kuna siku itafika mara mbili. Ikafika. XEP-0198 ilirejesha kikao na kutuma upya, foleni yangu mwenyewe nayo ikatuma upya, na Kigombe ikapelekewa mabonge 80 badala ya 40. Barafu ya ziada iligeuka maji njiani. Sasa kila oda ina namba yake inayotungwa kijijini, na ghala likiiona namba ileile mara ya pili linarudisha risiti bila kuandika tena. Hapo maktaba haikusaidii, wala sidhani ni kazi yake.

Na saa! Nusura niisahau. Ujumbe uliokaa sevani ukingoja laptopu ya ghala iwashwe unakuja na muhuri wa muda wa kuchelewa, na muhuri huo ni wa UTC, saa ya kimataifa. Kijana aliagiza saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, muhuri ukasema 03:10, mimi nikauweka kitabuni kama ulivyo. Shangazi akasoma saa tatu na dakika kumi. Mtoto wa watu akagombezwa, boti zinaingia alfajiri yeye anaagiza barafu saa tatu, alikuwa amelala? Tofauti ya UTC na saa yetu ya Afrika Mashariki ni tatu mbele, tofauti ya saa yetu na saa ya Kiswahili ni sita nyuma, na hakuna maktaba itakayokufanyia hesabu hiyo ya pili. Nimeandika kazi ya mistari minne inayosema "saa 12:10 asubuhi". Nikamwomba kijana radhi.

Mambo ambayo slixmpp inayafanya lakini haikwambii uyawashe: `xep_0199`, yaani ping. Keepalive yake imezimwa, na ukiiwasha bila kutaja muda hupiga kila sekunde 300. Kwa mitandao ya simu, ambako njia yako husahaulika kimyakimya ukinyamaza, nimeweka 60. Isipojibiwa, programu inavunja muunganisho na kuanza upya badala ya kukaa na maiti. Kwa hesabu yangu ni kama megabaiti moja kwa siku. Bei ya sambusa ni kubwa kuliko hiyo.

Malalamiko yangu kwa XMPP kwa ujumla: namba za XEP zimepita 400, na hakuna wa kukushika mkono akakuambia za kwako ni hizi sita. Ni kama kuingia duka la vipuri vya baiskeli Barabara ya Nane ukakuta kila kitu kipo, ila muuzaji hayupo. Mimi nimeishia na 0184, 0198, 0199, 0203 ya muhuri wa muda, 0280 ili ujumbe uonekane kwenye vifaa vyote vya mtu, na 0313 ya kumbukumbu sevani. Miezi miwili ya kusoma ili kupata orodha inayoingia kwenye kiganja. Maelezo ya slixmpp yana mifano mizuri ya kuanzia, lakini ukitoka nje ya mifano utasoma msimbo. Bahati nzuri msimbo wenyewe unasomeka.

Usiri nao: kati ya laptopu na seva kuna TLS, lakini OMEMO, ule ufungaji wa mwisho kwa mwisho, kwa slixmpp ni nyongeza ya pembeni na sijaiweka. Seva ni yangu na siri iliyomo ni bei ya kibua. Mwenye duka la dawa asifuate mfano wangu.

Conversations kwenye simu ya shangazi haina maneno mengi. Daniel Gultsch aliitoa mwaka 2014. Nilipoichukua, kwenye Google Play ilikuwa inauzwa, kwenye F-Droid, duka la programu huria, unaipata bure, na mimi niliinunua kwa sababu mtu anayefanya kazi safi namna hii ale. Inakunywa betri kidogo sana. Shida ni simu zenyewe: nyingi za bei rahisi huua programu zilizo nyuma ya pazia bila kuuliza. Lazima uingie kwenye mpangilio wa betri uiruhusu, na simu ya shangazi ilisahau ruhusa hiyo baada ya kusasishwa. Alidhani biashara imesimama.

Nikitoa alama: Prosody tano juu ya tano, nikikata robo kwa ajili ya vyeti. Slixmpp nne, ya tano inaliwa na ile mipangilio ya kimya, hasa `auto_ack`. Conversations nne na nusu. Programu yangu ya kwanza, ile ya mistari ya kusimama, bado ninayo kwenye folda inaitwa "pono".

Mtu akija steshenari kuniuliza aandike itifaki yake mwenyewe au atumie iliyopo, namkalisha namwonyesha jaribio nililolifanya wiki iliyopita. Nilikwenda Kigombe, nikachomoa modemu, nikamwambia kijana atume barafu 25. Kisaa. Nikafunga laptopu kabisa, tukaenda kula wali na tasi wa kukaanga, tukarudi baada ya dakika arobaini. Prosody ilishakitupa kikao zamani. Nikawasha, nikachomeka modemu. Kisaa kilikaa sekunde kumi na moja, nimezihesabu. Tiki moja. Halafu ya pili ikachelewa, kijana ananitazama, mimi naitazama skrini, jasho linanitoka. Nikapiga simu ghalani. Laptopu ya ghala ilikuwa imezimwa; mtu wa ghala alikuwa amechomoa waya ili achaji simu yake. Akaichomeka. Tiki ya pili ikaingia, na kitabuni ikaandikwa: barafu 25, Kigombe, saa 8:52 mchana.

Kirikuu kikapakia na kuondoka na mabonge 25 ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nilisahau kuwaambia ghalani kwamba ni jaribio.